Mavuno ya Shambani na Mavuno ya Ghalani: Takwimu za Kilimo Chini ya Serikali Mpya ya Urusi

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huifasiri kwa wepesi: andika ulichonacho, usije ukaibiwa bila kujua. Katika makala hii tunakusudia kuitazama methali hiyo kwa upande wa pili. Tunauliza: je, daftari likiandikwa lakini maana ya maneno yaliyomo ikabadilishwa, mali itasalimika?

Mfano wetu unatoka Urusi, baada ya Mabolsheviki kuchukua madaraka mwaka 1917. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya takwimu za nafaka za nchi hiyo imechunguzwa sana, hasa baada ya nyaraka za serikali kufunguliwa mwishoni mwa karne ya 20. Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaofundisha lugha, sehemu kubwa ya udanganyifu uliotokea haikufanyika kwa kufuta tarakimu na kuandika nyingine. Ilifanyika kwa kubadilisha maana ya maneno matatu ya kawaida kabisa: "tajiri", "kuuzwa" na "mavuno". Tutayachukua moja baada ya jingine, kisha tutarudi darasani kwetu.

Neno "takwimu" lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu. Katika Kiswahili cha zamani lilitumika kwa maana ya kalenda, yaani utaratibu wa siku uliopangwa na kunyooshwa. Kwa hiyo neno hilo limebeba fikra ya kitu kilichonyooka. Je, takwimu za mavuno ya Urusi zilikuwa zimenyooka?

Daftari la serikali ya zamani

Serikali mpya yoyote hupenda kujilinganisha na iliyotangulia, na ili kufanya hivyo inahitaji mwaka wa kuanzia. Kwa Umoja wa Kisovyeti mwaka huo ulikuwa 1913, mwaka wa mwisho kamili kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na pia mwaka uliokuwa na mavuno mazuri sana.

Takwimu za mavuno wakati wa mfalme zilikusanywa kila mwaka na Kamati Kuu ya Takwimu kuanzia 1883. Sambamba nayo kulikuwa na mabaraza ya wilaya na mikoa yaliyoitwa "zemstvo", yaliyoanzishwa mwaka 1864. Baadhi ya mabaraza hayo yaliajiri watakwimu hodari waliotembea kijiji kwa kijiji. Hata hivyo, taarifa nyingi zilitokana na majibu ya wakulima na wenye mashamba wenyewe. Mkulima anayeulizwa na mtu wa serikali amevuna magunia mangapi huwa na swali lake moyoni: huyu anataka kodi kiasi gani? Jibu lake huwa dogo kuliko ukweli. Mwaka 1915, kabla ya mapinduzi yoyote, mtakwimu D. N. Ivantsov alichapisha uhakiki wa takwimu hizo na kuonyesha kuwa zilikuwa chini ya hali halisi.

Mabolsheviki walirithi daftari hilo pamoja na walioliandika. Mwezi Julai 1918 waliunda Idara Kuu ya Takwimu, na mkuu wake wa kwanza, Pavel Popov, alikuwa amefanya kazi ya takwimu katika zemstvo. Wengi wa wasaidizi wake walitoka huko huko. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nafaka ilinyakuliwa kwa nguvu vijijini, na kuanzia 1921 unyakuzi huo ukabadilishwa kuwa kodi ya mazao. Katika hali zote mbili mkulima alikuwa na sababu kubwa kuliko zamani ya kuficha shamba na mavuno yake. Watakwimu walilijua hilo, na wakaongeza kiasi fulani juu ya majibu waliyopewa.

Hapo likazuka swali gumu. Ukiongeza takwimu za sasa kwa sababu wakulima wanaficha, je, usiongeze na za 1913, ambazo nazo zilitokana na wakulima waliokuwa wakificha? Na uongeze kwa kiasi gani? Miongoni mwa wataalamu wa Tume ya Mipango ya Serikali kulikuwa na waliotaka takwimu za kabla ya vita zipandishwe kwa karibu asilimia 19. Wengine walitaka nyongeza ndogo zaidi. Huu haukuwa ubishi wa wasomi tu. Ukiipandisha 1913, serikali mpya inaonekana haijafikia kiwango cha mfalme. Ukiiacha ilivyo huku ukipandisha takwimu za sasa, serikali mpya inaonekana imempita. Tarakimu za mavuno hazijagushiwa hata moja, lakini hukumu imegeuka.

Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji tutakapofika mwaka 1934.

Neno la kwanza: nani "tajiri"?

Mwaka 1925 Idara ya Popov ilitoa mizania ya nafaka na malisho ya mifugo. Pamoja na mambo mengine, mizania hiyo ilionyesha ni wakulima wa tabaka gani waliokuwa na nafaka ya ziada, yaani nafaka inayobaki baada ya familia kula, mifugo kulishwa na mbegu kuwekwa. Mwanzoni ilielezwa kuwa asilimia 61 ya ziada hiyo ilikuwa mikononi mwa wakulima wenye uwezo. Baadaye ikatolewa asilimia 52, na hatimaye 42.

Mwezi Desemba mwaka huo Chama cha Kikomunisti kilifanya mkutano wake mkuu wa 14. Upinzani ndani ya chama ulizitumia takwimu za mwanzo kudai kwamba sera ya serikali ilikuwa inawanufaisha matajiri wa vijijini. Stalin alisimama na kuisuta Idara ya Takwimu. Alizitaja tarakimu zote tatu, akauliza inawezekanaje idara moja kutoa majibu matatu kwa swali moja, na akasema kuwa kulazimisha tarakimu ifuate maoni yaliyokwisha kuamuliwa ni kosa la jinai. Mwanzoni mwa 1926 Popov aliondolewa katika uongozi.

Kuhusu kanuni aliyoitaja, Stalin alikuwa sahihi. Lakini tarakimu tatu hazikuwa lazima ziwe uongo mara tatu. Wakulima hawakuwa wamegawanyika wenyewe kuwa matajiri na maskini kama mbuzi na kondoo. Watakwimu waliwapanga kwa ukubwa wa eneo walilolima, kisha wakaamua kuanzia ukubwa gani mtu aitwe "mwenye uwezo". Ukishusha mpaka huo, matajiri wanaongezeka na sehemu yao ya nafaka inakuwa kubwa. Ukiupandisha, wanapungua. Nafaka ni ile ile na wakulima ni wale wale. Kilichohama ni mpaka wa neno.

Miaka minne baadaye neno hilo hilo, likiwa sasa ni "kulaki", liliamua nani anyang'anywe nyumba na ng'ombe wake na kupelekwa uhamishoni pamoja na familia yake. Wakati huo mpaka wa neno haukuwekwa tena na watakwimu. Uliwekwa na viwango vilivyopangwa kutoka juu na kukamilishwa na kamati za vijiji.

Neno la pili: "kuuzwa"

Katika majira ya baridi ya 1927 kuingia 1928 serikali ilishindwa kupata nafaka ya kutosha kulisha miji na jeshi. Stalin mwenyewe alisafiri hadi Siberia mwezi Januari 1928. Mwezi Mei mwaka huo alizungumza na wanafunzi wa vyuo vya Moscow kuhusu tatizo la nafaka, na akawaonyesha jedwali lililotayarishwa na mtakwimu V. S. Nemchinov. Jedwali hilo lilipata umaarufu mkubwa, na wanahistoria wengi walilinukuu kwa miaka mingi kama ushahidi usio na shaka.

Kipimo kilichotumika ni pudi, uzani wa Kirusi ulio sawa na kilo 16.38. Kwa mujibu wa jedwali, kabla ya vita Urusi ilivuna pudi milioni 5,000 za nafaka, na katika hizo pudi milioni 1,300.6 ziliuzwa nje ya mashamba, yaani asilimia 26. Mwaka 1926/27 zilivunwa pudi milioni 4,749, lakini zilizouzwa zilikuwa milioni 630 tu, yaani asilimia 13.3. Maana yake ilionekana wazi: mavuno yamekaribia kurudi mahali pake, lakini mkulima mdogo anakula anacholima na haupi mji chakula. Kutokana na hapo Stalin alihitimisha kuwa dawa ni mashamba makubwa ya pamoja na ya serikali.

Mwaka 1967 mwanauchumi Jerzy Karcz, aliyekuwa akifundisha Marekani, alilichambua upya jedwali hilo. Alionyesha kuwa safu mbili zilizowekwa bega kwa bega hazikuhesabu kitu kimoja. Takwimu ya kabla ya vita ilihesabu nafaka yote iliyouzwa, pamoja na ile ambayo mkulima alimuuzia jirani yake, au aliiuza baada ya kuvuna na kuinunua tena kabla ya msimu mpya. Takwimu ya 1926/27 ilihesabu tu nafaka iliyotoka vijijini moja kwa moja bila kurudi. Neno lililoandikwa juu ya safu zote mbili lilikuwa moja, lakini maana zilikuwa mbili. Kwa hiyo upungufu ulioonekana ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kweli.

Mwaka 1970 mwanahistoria Mwingereza R. W. Davies alimjibu. Alikubali kuwa jedwali lilikuwa na kasoro, lakini akasisitiza kuwa nafaka iliyofika mijini na kwenye masoko ya nje ilikuwa imepungua kwa kweli. Mjadala huu ni wa manufaa kwa wanafunzi wetu, kwani unaonyesha kuwa kugundua kasoro katika takwimu hakumaanishi kuwa kinyume chake ndiyo kweli. Tatizo la nafaka lilikuwapo. Jedwali lililikuza, na lilikuzwa wakati ambapo uamuzi mkubwa ulikuwa unasubiriwa. Mwishoni mwa 1929 ukaanza ujamaa wa mashamba wa kulazimishwa.

Neno la tatu: "mavuno"

Sasa tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Mwaka 1932 mambo yalikuwa mabaya. Ng'ombe na farasi walikuwa wamepungua sana, kazi za shamba zilivurugika, na serikali iliendelea kuchukua nafaka vijijini na kuuza nje ya nchi tani zipatazo milioni 1.7 mwaka huo. Njaa ya 1932 hadi 1933 iliua mamilioni ya watu, hasa Ukraine, Kazakhstan, Kaskazini mwa Caucasus na kando ya mto Volga.

Takwimu rasmi ya mavuno ya 1932 ilikuwa tani milioni 69.9, ambayo haikuwa pungufu kwa njia ya kutisha. Wanahistoria waliozichunguza nyaraka baadaye hawakuikubali. R. W. Davies na Stephen Wheatcroft, katika kitabu chao cha mwaka 2004 kuhusu njaa hiyo, walikadiria kati ya tani milioni 55 na 60. Mark Tauger, akitumia taarifa za mwaka za mashamba ya ushirika, alikadiria chini zaidi. Wanahistoria hao hawakubaliani kuhusu sababu za njaa, lakini wanakubaliana kuwa daftari lilionyesha chakula ambacho hakikuwepo.

Viongozi walipoona nafaka haipatikani, wengi wao waliamini kuwa ipo na imefichwa. Kwa hiyo ukaletwa utaratibu mpya. Mkulima na mashamba ya ushirika wasiulizwe tena wamevuna kiasi gani. Kamati maalumu za serikali zikadirie zao lingali limesimama shambani. Mkaguzi alichukua fremu ya mita moja ya mraba, akaiweka sehemu mbalimbali za shamba, akahesabu na kupima masuke yaliyo ndani, kisha akazidisha kwa eneo lote. Kiasi kilichopatikana kiliitwa mavuno ya kibiolojia. Kamati hizo zilisimamiwa na N. Osinsky, mwanauchumi mwenye jina ndani ya chama.

Tusiwe wepesi wa kulaumu kipimo chenyewe. Kupima sehemu ndogo za shamba kabla ya kuvuna ni njia halali, na nchini India katika miaka ya 1940 watakwimu waliiendeleza kwa uangalifu mkubwa. Kosa halikuwa katika kupima. Kosa lilikuwa katika kuyaita matokeo hayo "mavuno" na kuyaandika kama vile nafaka imekwisha kuingia ghalani. Baina ya suke na ghala kuna mvua, ndege, panya, mashine mbovu, mikono michache, punje zinazodondoka njiani na marundo yanayooza yakisubiri gari. Mwanzoni yalikuwa yakitolewa makato ya karibu asilimia 10 kwa ajili ya upotevu huo. Baadaye hata makato hayo yaliondolewa.

Mwezi Januari 1934 Stalin aliuhutubia mkutano mkuu wa 17 wa chama. Katika jedwali lake mavuno ya 1913 yalikuwa tani milioni 80.1, na ya 1933 yalikuwa milioni 89.8. Yaani serikali mpya ilikuwa imempita mfalme kwa asilimia 12. Sasa tukumbuke swali la miaka ya 1920. Takwimu ya 1913 iliachwa bila nyongeza iliyopendekezwa na wataalamu, na takwimu ya 1933 ilikuwa ya masuke yaliyosimama shambani. Vitabu vya takwimu vilivyotolewa baada ya kifo cha Stalin viliishusha 1933 hadi tani milioni 68.4. Tukiilinganisha na ile 80.1 ya Stalin mwenyewe, ongezeko la asilimia 12 linageuka kuwa upungufu wa asilimia karibu 15.

Tofauti hiyo haikubaki kwenye karatasi. Mashamba ya ushirika yalitumia matrekta ya vituo vya serikali na kuyalipia kwa sehemu ya mavuno. Sehemu hiyo ilikadiriwa kwa mavuno ya kibiolojia. Chukua mfano wetu wa kubuni: kamati imeandika magunia 100, ghalani yameingia 75, na malipo ni magunia 20. Kijiji kinaambiwa kimetoa moja ya tano, kumbe kimetoa zaidi ya moja ya nne, na bado hakijatoa mgao wa lazima wa serikali wala mbegu. Kisha linakuja swali la magunia 25 yaliyopungua. Karatasi inasema yalikuwepo. Yako wapi? Kuanzia tarehe 7 Agosti 1932 kulikuwa na sheria iliyotoa adhabu ya kifo, au kifungo cha miaka kumi, kwa wizi wa mali ya ushirika, na watu walishtakiwa hata kwa kuokota masuke. Makosa ya mtakwimu yaliweza kugeuzwa kuwa wizi wa mwanakijiji.

Waliohesabu na yaliyowapata

Watakwimu wenyewe waliona yaliyokuwa yakitendeka, na wengi waliadhibiwa. Vladimir Groman, mmoja wa wataalamu wakuu wa Tume ya Mipango katika miaka ya 1920, alihukumiwa katika kesi ya hadhara mwaka 1931. Aleksandr Chayanov, bingwa wa uchumi wa mkulima mdogo, aliuawa mwaka 1937. Nikolai Kondratiev, aliyeongoza taasisi ya kuchunguza mwenendo wa uchumi, aliuawa mwaka 1938. Osinsky, aliyesimamia kamati za mavuno ya kibiolojia, naye aliuawa mwaka huo huo. Kwa hiyo kuwapa wakubwa takwimu walizozitaka hakukuwa kinga.

Sensa ya watu ya Januari 1937 ilipata watu milioni 162. Lakini miaka mitatu kabla yake Stalin alikuwa amekwisha kutangaza milioni 168. Matokeo yalifichwa, na Olimpiy Kvitkin aliyeongoza sensa hiyo aliuawa mwaka huo huo. Tunaitaja sensa katika makala ya kilimo kwa sababu daftari la watu na daftari la nafaka yalikuwa yanasimulia habari moja. Wale waliokosekana katika sensa walijumuisha wengi waliokufa wakati daftari la nafaka likisema chakula kipo.

Serikali mpya yaikosoa serikali mpya

Mwezi Oktoba 1952 Georgy Malenkov alitangaza kuwa nchi imevuna pudi bilioni 8 za nafaka, sawa na tani milioni 131, na kwamba tatizo la nafaka limekwisha moja kwa moja. Stalin alifariki Machi 1953. Miezi michache baadaye viongozi wapya, Malenkov akiwemo, waliacha kuhesabu masuke yaliyosimama. Mwezi Desemba 1958 Nikita Khrushchev akatangaza kuwa mavuno ya 1952 yaliyoingia ghalani yalikuwa pudi bilioni 5.6 tu, yaani tani kama milioni 92. Mavuno ya 1937, yaliyosifiwa kuwa tani milioni 120.3, nayo yalishushwa hadi 97.4.

Masahihisho haya yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, tuangalie yalitolewa lini na nani. Ilipofika 1958 Malenkov alikuwa amekwisha kushindwa na Khrushchev katika kugombea uongozi. Kumfunua kuwa alidanganya kuhusu nafaka kulimfaa aliyefunua, na kulifanya mavuno ya miaka ya Khrushchev yaonekane makubwa zaidi. Ukweli nao una wakati wake wa kutolewa, na msomaji wa historia hana budi kuuliza kwa nini umetolewa siku ile.

Wala Khrushchev hakuupona ugonjwa huo. Mwaka 1959 kiongozi wa chama wa mkoa wa Ryazan, Aleksei Larionov, aliahidi kuongeza mara tatu nyama ambayo mkoa wake ungeiuzia serikali katika mwaka mmoja. Ahadi ilitimizwa kwenye karatasi, naye akapewa nishani kubwa. Lakini ng'ombe wa maziwa na mitamba ya uzazi walikuwa wamechinjwa, na nyama nyingine ilikuwa imenunuliwa mikoa mingine. Mwaka uliofuata hapakuwa na cha kutoa, na Larionov alifariki Septemba 1960.

Hata tani zile zilizosahihishwa zilikuwa na neno lake. Kwa miongo mitatu nafaka ilipimwa jinsi ilivyotoka kwenye mashine ya kuvunia, ikiwa na unyevu na takataka zake. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 tu ndipo takwimu rasmi zilipohamia kwenye uzani wa nafaka iliyosafishwa.

Tunajifunza nini sisi walimu wa Kiswahili?

Kiswahili kina hazina ambayo walioandika majedwali yale wangeihitaji. Tunatofautisha "mazao" na "mavuno". La kwanza limetoka katika kitenzi "zaa": ni kile ambacho ardhi imezaa. La pili limetoka katika "vuna": ni kile ambacho mkono umekikata na kukikusanya. Baada ya hapo tuna "akiba", kilichowekwa, na "chakula", kilichofika chunguni. Katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya mazao na mavuno bila madhara. Katika takwimu, kuyachanganya ndiko kulikozaa tani milioni 20 zisizokuwepo za mwaka 1933.

Sarufi nayo inahusika. Kauli ya kutendwa ni kipenzi cha taarifa za serikali zote: "zilivunwa", "zilikadiriwa", "ziliuzwa". Kauli hiyo ni sahihi kisarufi, lakini humficha mtenda. Zilikadiriwa na nani, akiwa amesimama wapi, shambani au ofisini? Vilevile kuna viambishi vya wakati. Ahadi ya Larionov ilianza na "tu-ta-", na kabla mwaka haujaisha karatasi zikaandikwa "tu-me-".

Hapa kwetu Uganda mifano ya kufundishia haikosekani. Katika miaka ya 1970 kahawa nyingi ilivushwa mipaka kwa njia ya magendo, kwa hiyo kilo zilizoandikwa na bodi ya kununua kahawa hazikuwa kilo zote zilizovunwa. Anayesoma kushuka kwa tarakimu za bodi kama kushuka kwa mavuno amechanganya "kuvuna" na "kuuza", kosa la ukoo mmoja na lile la jedwali la 1928. Mfano mwingine ni wa ndizi. Kwa miaka kadhaa takwimu zilionyesha zaidi ya tani milioni 9 za matoke kwa mwaka. Sensa ya kilimo ya 2008/09 ilipata tani milioni 4.3 za ndizi za aina zote. Sensa hiyo hiyo ilipata mahindi mengi kuliko yaliyokuwa yakiandikwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kirahisi kuwa mtu alitaka kuikuza nchi. Ndizi hazina msimu mmoja wa kuvuna, hupandwa zikichanganywa na mimea mingine, na mkungu mmoja haulingani na mwingine. Kukadiria ni kazi ngumu hata pasipo mtu wa kushinikiza.

Tunapendekeza kwamba, kila tunapotumia kifungu chenye takwimu katika somo la ufahamu, tuwaulize wanafunzi maswali matano:

1. Neno linalohesabiwa lina maana gani hasa, na je, maana hiyo ni ile ile katika miaka yote inayolinganishwa?
2. Nani alitoa jibu, na alikuwa na sababu gani ya kupunguza au kuongeza?
3. Nani aliandika, na angepata nini kama angeandika vingine?
4. Mwaka wa kuanzia umechaguliwa na nani? Ulikuwa wa neema au wa ukame?
5. Takwimu ikisahihishwa, imesahihishwa na nani, na kwa nini wakati huo?

Maswali haya hayahitaji ujuzi wa hisabati. Yanahitaji mtu anayejua kuwa maneno yana mipaka na kwamba mipaka huhamishwa. Hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku, iwe tunafundisha ngeli za nomino, tafsiri au uandishi wa insha.

Hitimisho

Tumeona kuwa takwimu za kilimo za Urusi zilipotoka kwa njia tatu: kwa kusogeza mpaka wa neno "tajiri", kwa kulinganisha aina mbili za "kuuzwa" chini ya jina moja, na kwa kuyaita mazao yaliyosimama "mavuno". Tumeona pia kuwa daftari la serikali iliyotangulia halikuwa limenyooka, na kuwa masahihisho ya baadaye yalikuwa na wenyewe. Kwa hiyo hatushauri mtu azitupe takwimu zote. Wanahistoria tuliowataja wameweza kuukaribia ukweli kwa sababu tu taarifa za mashamba ya ushirika, mizania za Popov na karatasi za sensa ya 1937 hazikuchomwa moto. Tunachoshauri ni kuzisoma kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote, tukianza na maana ya maneno.

Tunawakaribisha wasomaji, walimu na wanafunzi, kutuletea kwa toleo lijalo maneno ya kilimo na ya sokoni yanayotumika katika sehemu zao: vipimo, majina ya hatua za mavuno, na namna ya kutaja kilichopotea kabla ya kufika ghalani. Tungependa hasa kujua kama kuna lugha za hapa nchini zinazotofautisha, kwa neno moja moja, zao lililo shambani na lile lililokwisha kuanikwa.